Dawa za kisukari zikizidi mwilini: dalili, vyanzo vyake na mahali pa kuacha kujitibu

Sukari ikishuka kwa sababu ya dawa, nyumba nyingi za Dar es Salaam zinajua la kufanya. Mgonjwa analetewa soda au maji ya sukari, anafumbua macho, anasema "niko sawa", na majirani wanatawanyika. Hatari tunayoiandikia hapa mara nyingi huanza majirani wakishatawanyika. Nguvu ya soda huisha ndani ya saa moja hivi, wakati kidonge cha glibenklamidi kinaweza kuendelea kufanya kazi siku nzima. Mgonjwa akilala saa nne usiku akionekana mzima, alfajiri anakutwa haamki.

Kabla ya kushughulika na dalili yoyote, tafuta majibu ya maswali manne: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na je, mgonjwa ana shida ya figo au ini. Kusanya pakiti, vichupa na zile bahasha ndogo za duka la dawa, pamoja na zilizo tupu. Zipige picha kwa simu ili zisisahaulike nyumbani wakati wa purukushani. Kumwambia daktari "anatumia dawa za sukari" hakutoshi, kwa sababu insulini, glibenklamidi na metformini zikizidi hufanya kazi kwa njia tofauti na tiba zake hazifanani.

Jambo moja kuhusu namba. Mashine nyingine husoma kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Zidisha mmol kwa 18 upate mg. Sukari imeshuka ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL. Chini ya 3.0, yaani 54, ubongo umeanza kukosa chakula. Mtu aliyezoea mmol anaweza kuona "65" kwenye mashine ya kuazima akadhani sukari imepanda kupita kiasi, kumbe ni 3.6. Mbaya zaidi, anaweza kumwongezea mgonjwa insulini. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Mashine ikiandika "LO", sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Usipoteze muda kurudia kupima, anza kutibu.

Jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yasiyoshikana

Nawisha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa kidole. Aliyetoka kumenya embe au kula haluwa anaweza kusoma 9 huku damu yake ikiwa na 3. Kama hakuna mashine, au vipande vyake vya kupimia vimekaa wazi kwenye joto na unyevu wa jiji hili, usisubiri kuazima kwa jirani: mpe sukari. Kumpa sukari mtu ambaye haijamshuka kuna madhara madogo, ila kumnyima ambaye sukari imemshuka kunaweza kumgharimu ubongo.

Akiwa anajitambua na anameza vizuri, kipimo ni gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka. Hiyo ni vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu glasi ya maji. Au nusu ya chupa ya soda ya ml 350, na soda iwe ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 3.9 rudia kiasi kilekile. Chokoleti, karanga na maziwa havifai kama hatua ya kwanza, kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Anayetumia akabosi apewe glukosi ya unga, kwa kuwa dawa hiyo inazuia sukari ya kawaida isivunjwe tumboni. Akishatulia, ale chakula cha kushiba: mkate, chapati, ndizi au ugali.

Sasa chanzo. Tunavipanga kuanzia kinachotokea sana.

Kwanza, dawa imemezwa na chakula hakikuja. Amekunywa kidonge saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari, akategemea kula kazini, foleni ya Mbagala ikamla saa mbili. Au amefunga Ramadhani na kumeza dozi yake kubwa wakati wa daku. Anayetumia glibenklamidi au insulini aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuanza ili dozi zipangwe upya, na siku sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue palepale, hata kama futari imebaki nusu saa.

Pili, dozi imerudiwa. Mzee amesahau kwamba alishameza. Au ana kadi za vituo viwili, kimoja kimempa Daonil na kingine glibenklamidi, naye anameza zote akidhani ni dawa mbili. Ni dawa ileile. Hali kadhalika vipo vidonge vinavyobeba metformini na glibenklamidi ndani ya kidonge kimoja. Ukiviongezea glibenklamidi pembeni umeshazidisha.

Tatu, bahasha zimebadilishana. Metformini imeandikwa 1x2 na glimepiridi 1x1, vidonge vyote vyeupe, vimetolewa kwenye pakiti na kuwekwa kwenye vibahasha viwili. Vikibadilishana, mgonjwa anameza mara mbili ya dawa inayoshusha sukari. Omba dawa zikatwe zikiwa kwenye karatasi yake ya kiwandani, jina lionekane.

Nne, bomba la sindano. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa ya bomba ndiyo yanayoleta uniti nyingi kwa mkupuo.

Insulini inayotumika zaidi nchini ina uniti 100 katika kila ml 1. Kichupa cha ml 10 kina uniti 1000. Bomba lake ni lile jembamba lililoandikwa U-100, mara nyingi lenye kofia ya rangi ya machungwa. Lipo bomba jingine la U-40, mara nyingi lenye kofia nyekundu, lililotengenezwa kwa insulini ya uniti 40 kwa ml. Ukivuta insulini ya U-100 mpaka alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta nusu ml. Nusu ml ya U-100 ni uniti 50. Mgonjwa aliyeandikiwa 20 amepata mara mbili na nusu, na kwa macho kila kitu kimekaa sawa: alama ni 20, mkono haukutetemeka, kichupa ni kilekile cha jana.

Bomba la kawaida la ml ni hatari zaidi. Mabomba ya insulini yakiisha, mtu hununua bomba la ml 2 au ml 5. Uniti 20 ni ml 0.2 tu, kiasi ambacho kwenye bomba la ml 5 ni kistari kimoja kidogo. Akivuta "mbili" badala ya "sifuri nukta mbili", amevuta uniti 200. Bomba la insulini likikosekana, usikadirie. Nenda kituo cha afya uchomwe huko. Nawe unayeandika dozi, andika neno "uniti" kwa kirefu. Herufi U iliyoandikwa haraka baada ya 10 imesomwa 100 mara nyingi, huku na nchi nyingine.

Angalia pia insulini ya maziwamaziwa, ile ya mchanganyiko au ya muda wa kati. Isipoviringishwa kati ya viganja na kupinduliwa taratibu mara 10 hivi kabla ya kuvuta, dawa hukaa chini. Wiki ya kwanza mgonjwa huvuta nyepesi na sukari inapanda, kisha dozi inaongezwa, na mwisho wa kichupa anavuta nzito. Kipimo kwenye bomba ni kilekile ila nguvu si ileile.

Tano, ngozi ya kuchomea. Papasa tumbo na mapaja. Palipochomwa miezi mingi mahali pamoja hutokea uvimbe laini wa mafuta usiouma, na wagonjwa hupapenda kwa sababu hapaumi. Insulini hunyonywa hovyo hapo. Siku akihamia kwenye ngozi nzima na dozi ileile, inaingia yote na sukari inaporomoka. Ukihama, muulize daktari kuhusu kupunguza dozi kwanza.

Sita, dawa mpya iliyoongezwa wiki hiyo. Septrin, siprofloksasini, flukonazoli na kwinini zinaweza kuzidisha ushushaji wa sukari kwa mtu anayetumia glibenklamidi na ndugu zake, gliklazidi na glimepiridi. Propranololi inaficha kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio. Kwa anayeitumia, jasho ndiyo dalili pekee inayobaki ya kuaminika.

Saba, pombe kali bila chakula. Ini linaloshughulika na gongo haliwezi kutengeneza sukari, na majirani watasema amelewa tu.

Figo tunaziweka mwisho, ingawa zikiwa ndizo chanzo, hakuna kingine kwenye orodha hii chenye uzito kama huo. Mtu mwenye dozi isiyobadilika kwa miaka 5 anayeanza kushukiwa na sukari mara kwa mara hajapona kisukari. Huenda figo zinashindwa kuitoa dawa. Apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, wiki hiyohiyo.

Hajitambui, au ana degedege

Usimpe kitu chochote mdomoni. Si soda, si asali, si maji. Koo lake halijilindi, na kinachomiminwa kinaweza kwenda mapafuni. Usiingize kijiko kati ya meno. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke kidogo nyuma ili hewa ipite, mate yatoke nje.

Mtoboe kidole hata kama mna hakika ni kitu kingine. Kuanguka kwa sukari huigiza mengi: upande mmoja wa mwili kulegea kama kiharusi, kupayuka na kupigana kama mtu aliyepagawa, kuyumba kama mlevi, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa kiasi watu wa nyumbani waseme malaria imepanda kichwani. Kipimo kinachukua sekunde chache. Kumpeleka kwa mganga au kumfukizia ubani kwanza kunachukua saa ambazo ubongo hauna.

Kama ipo sindano ya glukagoni na kuna aliyefundishwa, dozi ni mg 1 kwa mtu mzima na mg 0.5 kwa mtoto aliye chini ya kilo 25. Haitafanya kazi vizuri kwa mlevi au aliyeshinda njaa siku nyingi, maana glukagoni hutoa sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, na hapo ghala ni tupu.

Usafiri: gari au bajaji, amelazwa ubavu, mtu mmoja akishika kichwa. Bodaboda haifai kwa asiyejitambua. Na hapa tuna msimamo. Ukiwa Gongo la Mboto, Bunju au Kigamboni ndani, usikate foleni moja kwa moja mpaka Muhimbili. Pita kituo cha afya cha karibu chenye dripu ya glukosi, awekewe, kisha rufaa ifuate kwenda hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala, au Muhimbili ya Mloganzila au Upanga. Ubongo usio na sukari hauwezi kungoja Barabara ya Mandela ifunguke.

Kwa mhudumu wa kituo: dextrose (glukosi ya dripu) ya asilimia 10, ml 150 hadi 200 kwa dakika 15 kwa mtu mzima, mtoto ml 5 kwa kila kilo ya asilimia 10. Ile ya asilimia 50 inaunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, kwa hiyo kama ndiyo iliyopo, hakikisha sindano imekaa kwenye mshipa mnene. Kwa mlevi wa muda mrefu mpe na thayamini (vitamini B1).

Ameamka, ameongea, halafu amezama tena

Kati ya dalili zote za mwongozo huu, tunaomba hii isomwe mara mbili.

Chanzo cha kawaida ni kundi la glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi. Vidonge hivi haviingizi insulini kutoka nje. Vinakamua kongosho litoe insulini yake. Ukimpa mgonjwa glukosi nyingi kwa mkupuo, kongosho linaloendelea kukamuliwa linaona sukari imepanda na kumwaga insulini zaidi. Sukari inapanda hadi 12, familia inashukuru, saa mbili baadaye iko 2.1. Anaongezewa glukosi, na mzunguko unaanza upya. Glibenklamidi ni mbaya zaidi kwa sababu mabaki yake baada ya kupita kwenye ini bado yana nguvu na hutegemea figo kutoka. Mwenye figo dhaifu anaweza kuendelea kuporomoka kwa siku mbili, tatu.

Chanzo cha pili ni insulini ya muda mrefu au insulini nyingi iliyochomwa mahali pamoja. Dawa inakaa chini ya ngozi kama dimbwi na kuchuruzika polepole. Insulini ya kuchoma mara moja kwa siku, ikizidi sana, haifuati tena saa 24 zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Wagonjwa wamehitaji glukosi kwa siku kadhaa.

Nyumbani: hakuna matengenezo ya nyumbani hapa. Aliyetumia kidonge cha kundi hilo kupita kipimo, au aliyeshushwa nacho mpaka akahitaji kusaidiwa na mtu mwingine, akae hospitali angalau saa 24 akipimwa sukari kila saa mwanzoni, hata kama anacheka na kuomba chai. Akikuambia "nirudisheni nyumbani, nimepona", kataa kwa upole. Ndugu anayelala naye wodini amwamshe kila anapopimwa, kwa sababu usingizi na kuzimia vinafanana gizani.

Hospitalini: dripu ya dextrose ya asilimia 10 isiyokatizwa, na si kumsukumia za asilimia 50 kila anapozama. Dawa inayovunja mzunguko ni oktreotidi, mikrogramu 50 hadi 100 chini ya ngozi kila baada ya saa 6 hadi 8 kwa mtu mzima. Inazuia kongosho lisimwage insulini. Kituo kisipokuwa nayo, hiyo ni sababu tosha ya rufaa mapema. Dripu isitolewe ghafla. Ipunguzwe huku sukari ikiangaliwa, na baada ya kuisimamisha mgonjwa abaki chini ya uangalizi.

Jihadhari na maji. Kumpa dextrose ya asilimia 5 lita baada ya lita kwa siku mbili kunaweza kushusha sodiamu ya damu na kuvimbisha ubongo. Ndiyo maana mahitaji yakiwa makubwa hutumika glukosi nzito kwenye mshipa mkubwa, kazi ya wodi ya wagonjwa mahututi.

Misuli imelegea, moyo unaruka mapigo, baada ya insulini nyingi

Insulini haisukumi sukari peke yake ndani ya seli; inaisukuma na potasiamu. Potasiamu ya damu ikishuka sana, miguu inakosa nguvu na moyo unapoteza mpangilio. Yapimwe potasiamu na umeme wa moyo. Madafu si tiba ya hali hii. Insulini ikiisha nguvu, potasiamu hurudi kwenye damu, na aliyejaziwa kupita kiasi, hasa mwenye figo mbovu, hugeukiwa na tatizo la upande wa pili.

Anatapika, tumbo linauma, anahema haraka na kwa kina, mikono baridi

Mtuhumiwa ni metformini. Wengi wanaiamini kwa sababu haimwangushi mtu kwa sukari, na kweli ikiwa peke yake kwa dozi ya kawaida hushusha mara chache sana. Kosa lake ni jingine. Ikijaa mwilini inazuia ini kuiondoa asidi ya laktiki, asidi inarundikana, damu inachacha. Ni tatizo adimu, chini ya wagonjwa 10 kwa kila watumiaji 100,000 kwa mwaka, lakini likishatokea vifo ni vingi. Dawa ya ukoo wake, fenformini, iliondolewa kwenye masoko ya nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo.

Kwanza tenganisha na yale mepesi. Aliyeanza metformini wiki hii akaharisha na kusikia kichefuchefu, huku anahema vizuri na anatembea, huenda ni maudhi ya kawaida. Ameze katikati ya chakula, aanze na mg 500, aongeze taratibu kwa maelekezo. Aliyekuwa anaitumia miaka bila shida na leo anatapika ni habari nyingine.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtu mzima huhema mara 12 hadi 20. Akifika 25 na kila pumzi ni ndefu kama ya aliyepanda ngazi mbio, nenda hospitali. Mashine ya sukari haitakusaidia hapa. Inaweza kusoma 7 wakati damu imeshachacha.

Vyanzo, kwa mpangilio: anayeharisha au kutapika anaendelea kumeza metformini yake kama kawaida, anakaukiwa maji, figo zinasimama na dawa inabaki ndani. Huyu ndiye tunayemwona kuliko wote, naye hakuzidisha hata kidonge kimoja. Kisha figo zilizokuwa zimeharibika kimyakimya, zikaongezewa diklofenaki ya maumivu ya mgongo au mitishamba. Kisha moyo au ini kushindwa, pombe nyingi, au maambukizi makali. Kisha dawa ya mshipa ya kipimo cha CT kwa mwenye figo dhaifu. Mwisho kabisa, vidonge vingi vilivyomezwa kwa pamoja.

La kufanya nyumbani ni moja: simamisha metformini siku ya kwanza ya kuharisha au kutapika, kunywa maji na chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, na uirudie ukishakula vizuri kwa siku moja hadi mbili. Uchujaji wa figo (eGFR kwenye majibu ya maabara) ukiwa chini ya 30 dawa hii haitumiki kabisa. Kati ya 30 na 45 daktari huipunguza.

Aliyemeza nyingi anaweza kuonekana mzima saa kadhaa, kisha presha ikaporomoka, mwili ukapoa, na mara chache sana macho yakaacha kuona kwa muda. Upofu huo ukiambatana na kuhema kwa kina haumhitaji daktari wa macho kwanza, unahitaji kupimwa laktati (asidi ya laktiki kwenye damu) na pH, yaani uchachu wa damu. Laktati zaidi ya 5 na pH chini ya 7.35 vinathibitisha. Laktati ikivuka 20, au pH ikifika 7.0 na kushuka, au tiba ya kawaida ikishindwa, mgonjwa anahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma hiyo. Kama kituo ulipo hakina, rufaa iandikwe laktati inapopanda, isingoje mgonjwa azimie.

Anahema vilevile, lakini anatumia dapagliflozini au empagliflozini

Dawa hizi hutoa sukari kwa mkojo. Mtumiaji anaweza kupata sumu ya ketoni, asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta, huku mashine ikisoma 9 au 11, na mhudumu akamrudisha nyumbani kwa kuwa "sukari si mbaya". Hutokea zaidi kwa aliyefunga, aliyepunguza insulini, anayetapika, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Pima ketoni kwenye damu au mkojo. Dawa isimamishwe siku 3 kabla ya upasuaji uliopangwa.

Sukari imerudi sawa, lakini bado hajaamka

Mpe dakika 30 tangu sukari ipite 5. Kama bado hajitambui, acha kuongeza glukosi kwa matumaini na tafuta kingine: ubongo kuvimba, kiharusi cha kweli, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa alipoanguka, dawa nyingine alizomeza. Aliyekaa na sukari ya chini sana kwa saa nyingi anaweza kubaki na kumbukumbu zilizopotea au asiamke kabisa. Wengine huamka baada ya siku, kwa hiyo uangalizi usilegezwe. Hapa ni picha ya kichwa na daktari bingwa.

Mtoto amemeza kidonge cha bibi

Kidonge kimoja cha glibenklamidi au glimepiridi kinaweza kumuua mtoto mdogo, na sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, usiku akiwa amelala. Mkute anacheza, mkute analia, mpeleke. Alazwe saa 24. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula, na mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa hospitali. Ule wa hospitali nao hufaa zaidi ndani ya saa ya kwanza.

Sukari imeshuka kwa mtu asiye na kisukari

Uliza kuhusu dawa za nguvu za kiume, za kupunguza unene, na chupa za "kumaliza sukari" zinazouzwa mikononi. Mwaka 2008 nchini Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya kutumia, wengi wao, dawa za nguvu za kiume zilizochanganywa na glibenklamidi, 4 walikufa. Beba chupa hospitali, na mabaki yake yaripotiwe TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtibu mgonjwa kama aliyemeza glibenklamidi: saa 24, bila kujadiliana.

Amezidisha kwa kukusudia

Usimgombeze, usimwache peke yake hata chooni, na ondoa dawa zilizobaki. Familia nyingi huficha kwa aibu au kwa kuogopa polisi, na kusema "amesahau akarudia". Kauli hiyo inamfanya daktari asubiri kushuka kidogo wakati kinachokuja ni kikubwa. Mwambie daktari ukweli faraghani. Mwili ukishatulia, aonwe na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa, na dawa zake zikae kwa ndugu anayempa dozi ya siku moja moja.

Kurudia dawa baada ya ruhusa

Kundi la glibenklamidi lisirudiwe mpaka kreatinini isomwe; kwa mzee au mwenye figo dhaifu, omba ibadilishwe moja kwa moja. Metformini nayo ingoje majibu ya figo. Insulini ni tofauti. Mwenye kisukari aina ya 1 akinyimwa insulini kwa hofu ya kilichotokea, atapata sumu ya ketoni ndani ya siku moja au mbili. Aondoke wodini na dozi mpya iliyoandikwa kwa maneno, bomba la U-100 mkononi, na aonyeshe mbele ya muuguzi jinsi anavyolivuta.